Kifungu cha Arobaini na Moja

Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na meno mawili ya mbele, wala mke, maana mke alikuwa amemtangulia miaka tisa nyuma. Hakuwa na mtoto mjini, hakuwa na mtu anayemfahamu katika ofisi za jiji, hakuwa na sauti ya kupenya mkutanoni, na hakuwa na subira hata kidogo na mtu anayekunja pembe ya ukurasa ili kuweka alama. Tena hakuwa na mazoea ya kukosea.

Alichokuwa nacho ni miwani yenye mkono mmoja wa waya, rula ya chuma, penseli tatu za rangi, chungu cha gundi, na dada.

Mtaani walimwita Mzee Jalada. Kwa miaka thelathini na tatu alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, na sheria zote za jiji zilizotoka katika miaka hiyo zilipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyezishona, akazipaka gundi mgongoni, akazivika kitambaa chekundu. Wenzake walizijalidi bila kuzisoma, kama mpagazi asiyefungua mzigo wa watu. Yeye alizisoma. Alikuwa ameanza darasa la jioni akiwa na miaka ishirini na sita, akikaa dawati moja na wapishi na walinzi, na tangu siku alipoweza kusoma sentensi ndefu bila kushika mstari kwa kidole, alikula kiapo kwamba hakuna karatasi itakayopita mbele yake ikabaki bubu.

Mdogo wake wa kike alikaa chumba cha pili. Alikuwa mshonaji hadi macho yalipomwacha, miaka kumi na moja iliyopita, na bado watu wa uchochoro ule walimletea mashati awatilie vifungo, kwa sababu vifungo vyake havikung'oka. Uchochoro wenyewe ulikuwa na nyumba ishirini na tisa, zimebanana bega kwa bega nyuma ya karakana ya mabasi. Dada aliujua kwa hatua. Mlangoni hadi bombani, ishirini na mbili. Bombani hadi kwa kinyozi, kumi na saba, na hapo kuna ngazi moja iliyovunjika upande wa kushoto. Kwa kinyozi hadi dukani, thelathini na moja. Ilimchukua miaka miwili kujifunza, na magoti yake yalikuwa na makovu ya masomo hayo.

"Wakituhamisha," alizoea kusema, "nitapofuka mara ya pili. Na safari hii sina umri wa kurudia darasa."

Maana habari ya kuhamishwa ilikuwepo. Jiji lilitaka barabara pana. Ramani ilibandikwa kwenye ukuta wa karakana, na mstari mwekundu ulipita juu ya uchochoro wao moja kwa moja, kama mtu aliyekata karatasi huku anazungumza na mwenzake. Kilichozuia ni sheria ya zamani: nyumba ya mtaa haibomolewi mpaka baraza la mtaa, lililochaguliwa na wakazi wenyewe, likubali. Baraza lao, chini ya uenyekiti wa kinyozi, lilikuwa limekataa mara tatu. Mara ya tatu kinyozi aliandika kukataa kwake nyuma ya tangazo la mitindo ya nywele, kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia.

Ndipo ikatangazwa redioni kwamba jiji linatunga sheria mpya ya uendeshaji wake, na kila mwananchi anaalikwa kuusoma muswada na kutoa maoni.

Mzee Jalada alikuwa mlangoni pa ofisi za jiji siku ya kwanza, saa moja kasoro robo asubuhi. Mlinzi alimkuta amesimama.

"Mzee, unadai nini?"

"Sidai. Nimekuja kuchukua sheria."

"Sheria haichukuliwi, mzee, huletwa," mlinzi akasema akicheka, lakini alimpa kiti chake.

Alikuwa mtu wa kwanza katika jiji zima kuandika jina lake kwenye daftari la waliochukua muswada. Jambo hilo aliliweka moyoni kama nishani. Nyumbani aliutazama ule muswada, akasikitika. Kurasa mia moja na nne, zimebanwa kwa pini mbili, na jalada la karatasi laini, la rangi ya majivu, ambalo lisingemaliza wiki mikononi mwa mtu anayesoma kweli. Akazing'oa pini. Akavua lile jalada, kama walivyokuwa wakifanya kiwandani kwa miaka yote, maana jalada la karatasi ni vazi la safari tu, na kitabu kikifika kwa fundi huvuliwa. Akazishona kurasa kwa uzi wa kitani, akazitilia mgongo, akakata kadibodi mbili. Kadibodi moja ilikuwa nyembamba, basi akaichukua ile karatasi ya majivu, akaikunja mara mbili, akaibandika ndani yake ili kuipa unene, na juu yake akafunika karatasi safi nyeupe. Nje akauvika kitambaa chekundu. Alipomaliza, muswada ulisimama wenyewe mezani bila kuegemezwa.

"Umeuvika suti," dada yake alisema, akiupapasa. "Sasa utaongea uongo wake kwa heshima."

"Hujausikia, unajuaje ni uongo?"

"Nisomee, basi, nitubu."

Alimsomea kwa siku sita, mchana, mlango ukiwa wazi, yeye akisoma na dada akitia vifungo. Alikuwa mwamuzi wa haki, na aliona fahari kuwa wa haki. Penseli ya kijani ilikuwa ya mambo mema, na aliitumia zaidi ya alivyotarajia. Kifungu cha thelathini na tisa kiliagiza mitaro ya maji ya mvua isafishwe mara mbili kwa mwaka: kijani, tena mistari miwili. Kifungu cha ishirini na mbili kiliagiza vikao vya jiji viwe wazi kwa watu: kijani. Penseli ya bluu ilikuwa ya maneno yasiyoeleweka, na hiyo ilipungua kwa kidole kizima. Nyekundu aliiweka kando hadi siku ya nne.

Siku hiyo alisoma kifungu cha arobaini, akanyamaza.

"Umemeza nini?" dada akauliza.

"Sikiliza. 'Mkurugenzi anaweza, pale atakapoona inafaa kwa maendeleo ya jiji, kuamuru nyumba yoyote ibomolewe bila kusubiri idhini ya chombo kingine.'"

Sindano ya dada ikasimama.

"Subiri," alisema kaka yake, akafunua ukurasa. "Hiki hapa cha arobaini na moja. 'Baraza la mtaa litaendelea kuchaguliwa na wakazi, na hakuna nyumba ya mtaa itakayobomolewa isipokuwa kwa idhini yake.'"

"Sasa hapo lipi ni lipi?"

"Hivi vifungu viwili ni wake wenza waliopangiwa chumba kimoja. Muswada umeandikwa na mikono miwili, na hakuna aliyesoma cha mwenzake. Kamati ikikaa itaona. Mmoja lazima atoke."

"Atatoka yupi?"

"Yule ambaye wananchi watamkataa. Ndiyo maana wametuita."

Dada alikata uzi kwa meno. "Arobaini mbaya, arobaini na moja nzuri," alisema, kama anayeongeza hatua nyingine katika hesabu zake. Akarudia mara mbili.

Wiki iliyofuata fomu za maoni zililetwa kwa kinyozi, na wakazi wakakusanyika mbele ya kibanda chake, wengine wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Fomu ilikuwa na nafasi tatu: namba ya kifungu, nakubali au sikubali, na chini yake, sababu, na kwenye mabano, si lazima.

Mzee Jalada alisimama na kitabu chake. Aliwaeleza vizuri, na walimwelewa. Kisha akasema, "Andikeni arobaini, sikubali. Arobaini na moja, nakubali. Basi. Hapo kwenye sababu acheni wazi."

"Kwa nini wazi, mzee?" kinyozi akauliza. "Mimi nataka kuwaambia nina watoto wanne na kiti kimoja cha kunyolea, na wote watano wamo humu humu."

"Watoto wako hawamo kwenye muswada, mwanangu."

"Ndiyo maana nataka kuwatia!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Nimejalidi taarifa za kamati miaka thelathini na tatu," alisema. "Najua zinavyopikwa. Ukiandika maneno, karani anayafupisha, na akiyafupisha anayapinda. Unaandika machozi, yeye anaandika 'wachache walionyesha wasiwasi'. Lakini namba hawezi kuipinda. Arobaini ni arobaini. Wakihesabu, watatuhesabu."

"Basi nipitie pale ofisini nami nichukue nakala yangu," kinyozi akasema, "tuwe na mbili, tusigombanie moja kama wanafunzi."

"Ya nini? Hii imejalidiwa."

Kinyozi alikitazama kile kitabu chekundu, akakubali. Nani angebishana na kitabu kama kile? Ni mama dobi peke yake, mwanamke mnene aliyefua nguo za madereva wa karakana, aliyeshika fomu yake mbali na macho, kama anayekagua doa.

"Mimi na namba hatuivi," alisema. "Nitaandika ninachotaka kusema."

"Utaiharibu, mama."

"Itaharibika yangu, mzee. Yako itabaki nzuri."

Aliandika kwa herufi kubwa zilizotoka nje ya mistari: MSIBOMOE NYUMBA ZETU. TUKIONDOKA HAPA HATUNA PA KWENDA. Hakutaja kifungu chochote. Mzee Jalada aliipokea kwa ncha za vidole, akaiweka chini kabisa ya bunda, chini ya fomu mia moja na kumi na sita zilizoandikwa kama alivyoagiza. Fomu ya dada yake aliijaza yeye, na dada akapiga kidole gumba. Aliyapanga makaratasi yote yakawa na kingo sawa kama tofali, akayafunga kwa utepe, akayapeleka kwa mikono yake, akasubiri hadi yakagongwa muhuri.

Siku ya kusomwa kwa taarifa ya kamati, dada alisema anakwenda.

"Utaona nini huko?" alimtania.

"Nitasikia. Wewe ndiye unayekwenda kuonekana."

Ilikuwa kweli. Alivaa koti, akamshika dada mkono, na kitabu akakibana kwapani. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na mapangaboi matatu, moja likifanya kazi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, mtulivu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi. Karani aliyesoma alikuwa kijana mpole mwenye sauti safi. Mtu angependa wawe watu wabaya, ingerahisisha mambo, lakini hawakuwa.

Karani alisoma mtaa kwa mtaa. Alipofika kwao, mzee alinyoosha mgongo.

"Kutoka mtaa wa nyuma ya karakana, fomu mia moja na kumi na saba. Kifungu cha arobaini, kuhusu kusafisha mitaro ya maji ya mvua: wakazi mia moja na kumi na sita wamepinga."

Kicheko kilipita ukumbini. Mtu mmoja nyuma akasema, "Wanapenda mafuriko hao!"

"Kifungu cha arobaini na moja," karani akaendelea, naye akijizuia kutabasamu, "kuhusu mamlaka ya Mkurugenzi kuamuru nyumba zibomolewe: wakazi mia moja na kumi na sita wameunga mkono. Mkazi mmoja hakutaja kifungu, lakini kwa maelezo yake amehesabiwa kuwa amepinga."

"Kaka," dada alisema, si kwa kunong'ona. "Amesoma vibaya. Arobaini na moja ni baraza. Uliponisomea nilikuwa natia kifungo cha tatu, shati la dereva."

Mzee alikuwa ameshasimama. Hakuogopa, na tuseme ukweli, alifurahi. Maisha yake yote alikuwa amesubiri siku ambayo msomi wa mchana angekosea mbele ya watu na yeye awe na kitabu mkononi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, karani wako amekosea mstari. Naomba nimsomee."

Akakifungua, akasoma. Sauti yake, ambayo kwa kawaida haikupenya, siku hiyo ilipenya. Karani akaja na nakala yake, akasimama karibu naye, akatazama kurasa mbili zikiwa bega kwa bega. Kisha akakipindua kile kitabu kidogo, akagusa mgongo wake.

"Kazi nzuri sana, mzee. Umeijalidi mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mzee wangu," karani akasema, na sasa yeye ndiye aliyeshusha sauti, "hii ni chapa ya kwanza. Ilitolewa siku nne tu. Chapa ya pili imeongezwa kifungu kipya cha tatu, cha maana ya maneno. Vyote vilivyofuata vimesogea namba moja."

"Hatukuambiwa."

"Iliandikwa kwenye jalada."

Mzee akafungua jalada lake jekundu, kana kwamba lingekuwa limeandikwa kitu. Ndani lilikuwa jeupe, safi, bila kunyanzi.

Mwenyekiti aliwasikiliza wote wawili. Alivaa miwani, akaivua. "Mzee, naona mnalosema. Lakini muda wa maoni ulikwisha Ijumaa ya juzi, na taarifa hii imeshatiwa saini na wajumbe wote. Vifungu viwili vilikuwa vinapingana, tukawasikiliza wananchi, na mitaa mingine yote ilikuwa imegawanyika karibu nusu kwa nusu. Ninyi ndio mlioamua." Alisema hivyo kwa upole.

Nje, kwenye ngazi, dada alisubiri aambiwe hatua ni ngapi. Hakuambiwa. Akapapasa kwa mguu mwenyewe.

Nyumbani mzee hakuvua koti. Alilowesha kitambaa, akakilaza juu ya ile karatasi nyeupe ndani ya jalada la mbele, akasubiri gundi ilegee. Ilikuwa gundi nzuri, ilichelewa. Kisha akaingiza kisu taratibu, akaibandua karatasi nyeupe, na chini yake ikatokea ile ya majivu, imekunjwa mara mbili. Akaikunjua. Maandishi yalikuwa makubwa. Hata mtu asiye na miwani angeyasoma.

CHAPA YA KWANZA. YA KUSOMWA TU. NAMBA ZA VIFUNGU ZITABADILIKA. MAONI YATOLEWE KWA KUFUATA CHAPA YA PILI.

"Imesema nini?" dada akauliza kutoka chumba chake.

Alimsomea. Alikuwa amemsomea muswada mzima, asingeweza kuacha ukurasa huu. Chumbani kwa dada vilisikika vifungo vikimwagwa kopo hadi kopo, anavyofanya akiwa na hasira.

"Kwa hiyo ilikuwepo humu ndani muda wote," alisema. "Nimeipapasa."

"Umeipapasa."

"Nikasema umeuvika suti."

Asubuhi iliyofuata watu waliovaa fulana za jiji walipita uchochoroni na kopo la rangi. Hawakugombana na mtu. Walichora alama nyekundu ya X kwenye kila mlango na namba chini yake, wakapiga picha, wakaenda. Walipofika kwa mama dobi mmoja wao alimwomba radhi kwa rangi iliyodondokea shuka la mteja.

Kinyozi alikuja na watu sita nyuma yake, bado ameshika mkasi. "Wametuchezea rafu, mzee!" alisema kabla ya salamu. "Wamebadilisha namba kusudi. Tunakwenda pale ofisini leo leo, na wewe unatangulia na kitabu. Wewe ndiye shahidi. Waambie walivyotuibia."

Wote walimtazama. Katika nyuso zao bado alikuwa Mzee Jalada, mtu anayesoma. Hakuna aliyekuwa ameona ile karatasi isipokuwa yeye, na yule aliyeisikia hakuweza kuiona. Jiko lilikuwa linawaka. Angeitia motoni na ingekwisha kabla kinyozi hajamaliza sentensi yake, na hadi kufa kwake uchochoro wote ungekumbuka kwamba ofisi iliwadhulumu.

"Nipeni hadi mchana," alisema.

Walipoondoka, dada alitokea mlangoni mwa chumba chake, ameshika fremu. "Utawaambia nini?"

"Sijui."

"Ukinyamaza, watakwenda kupiga kelele pale, na yule kijana atawaonyesha nakala yake, na watarudi wameaibika mara mbili."

"Na nikisema, nitakaa wapi mtaani?"

"Mtaa gani?" dada akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa na nyumba moja na kaka mmoja. Nyumba imekwenda. Usinitafutie na kaka wa kumwonea haya."

Aliichukua ile karatasi ya majivu, akaenda kwa kinyozi. Hatua kumi na saba kutoka bombani. Hakuwahi kuzihesabu kabla ya siku hiyo. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, povu limemjaa shavuni. Mzee akaweka karatasi chini ya kioo, akaeleza kila kitu tangu mlinzi na kiti chake hadi kisu na gundi, bila kujitetea na bila kupamba. Mteja alibaki na povu likimkauka usoni.

Kinyozi aliisoma mara mbili. 

"Nilikwambia nitafute nakala yangu," alisema mwisho.

"Uliniambia."

"Mzee wangu, ungetuacha tu tuandike ujinga wetu." Akageuka, akaanza kumnyoa yule mteja, polepole sana, kama mtu anayeogopa mkono wake. Baadaye, bila kugeuka, akasema, "Mama dobi nitamwambia mimi. Usiende kwake leo."

Hapakuwa na la kufanya. Alilijua hilo kuliko wote, maana alizijua taratibu: taarifa ikishasainiwa hupelekwa kuchapwa, kisha baraza kuu linapitisha, kisha Mkurugenzi anatia saini yake, kisha inakuja siku ya matingatinga, na tarehe zote hizo zimo kwenye jedwali la nyuma, ukurasa wa mia moja na mbili. Hata hivyo alikaa mezani, akakunja mikono ya shati, akaandika. Aliandika kwa mwandiko aliofundishwa darasa la jioni, herufi zinazoshikana.

"Kwa Katibu wa Kamati ya Muswada wa Uendeshaji wa Jiji. Mimi ni fundi wa kujalidi mstaafu, mkazi wa uchochoro wa nyuma ya karakana. Watu mia moja na kumi na sita mliowaandika kuwa wanaunga mkono kifungu cha 41 hawakiungi mkono. Waliandika kama nilivyowaelekeza mimi. Nilitumia chapa ya kwanza. Tangazo lenu lilikuwepo, nililibandika ndani ya jalada kwa mkono wangu mwenyewe, nalituma pamoja na barua hii. Ofisi yenu haikukosea. Siombi taarifa ibadilishwe, kwa kuwa najua haiwezekani. Naomba barua hii iwekwe mwishoni mwa taarifa wakati wa kujalidiwa, ili atakayekuja kuifungua miaka ijayo asidhani kwamba kulikuwa na watu walioomba nyumba zao zibomolewe. Tafadhali ishonwe kwa uzi. Msiibane kwa pini, pini hushika kutu na kula karatasi. Pia tuliitaka mitaro isafishwe."

Alimsomea dada. Dada alisikiliza hadi mwisho, akisogeza midomo.

"Wataishona?"

"Hapana," alisema. "Siku hizi hawashoni. Kiwanda kina mashine ya pini."

"Basi mbona umeandika?"

Mzee alikata bahasha kutoka karatasi ngumu, akaikunja kwa rula, akatia barua na ile karatasi ya majivu. Chungu cha gundi kilikuwa kimebaki kidogo, kimeanza kukauka pembeni. Akakitia maji, akakoroga, akapaka ukingo kwa brashi, akaufunga na kuukandamiza kwa kiganja hadi aliposikia umeshika. Dada akanyoosha mkono, akaipapasa bahasha pande zote nne.

"Safari hii hujaficha kitu ndani?"

"Safari hii nimekitia makusudi."

Walikwenda posta pamoja. Dada alihesabu hatua zote hadi mwisho wa uchochoro, kisha, walipoingia barabarani, akaacha kuhesabu na kumshika kiwiko. Dirishani, mfanyakazi wa posta aliipima bahasha mkononi bila kuitazama anwani.

"Ya haraka au ya kawaida, mzee?"

"Ya kawaida."

Aligonga muhuri, akaitupa nyuma yake ndani ya gunia.